Hatua ya Mfukoni

Zaven Melkumyan alijifunza sataranji kwenye kibanda cha baba yake, mshona viatu wa soko la Yerevan, na si kwa sababu baba yake aliupenda mchezo huo. Wateja waliosubiri soli zao walitaka kucheza nardi, lakini nardi ina kete, kete zina kelele, na baba yake alikuwa mtu wa kuumwa kichwa. Akatoa amri kwamba hapa ni sataranji tu. Anayetaka kurusha kete akashonewe viatu kwingine.

Pale hapakuwa na adabu za ukumbini. Aliyefikiri sana aliulizwa kama anacheza au anaatamia mayai. Aliyepoteza malkia aliambiwa asihuzunike, mwingine anamsubiri nyumbani, kama hajachoka naye. Zaven alikuwa na miaka tisa alipoanza kuwashinda, na kumi alipopata somo lililomkaa kuliko yote. Muuza mbegu za alizeti mmoja alimwonyesha mtego wa hatua saba. Zaven akaomba wa pili. Yule mzee akamwambia kwanza alete wake. Zaven akaenda akahangaika wiki nzima, akaupata, akauleta, wakabadilishana. Tangu siku ile aliielewa sataranji jinsi baba yake alivyoielewa ngozi. Kuna inayotandazwa mezani na kuna inayowekwa chini ya meza, na mteja hununua ya mezani akidhani ndiyo yote.

Akiwa na miaka thelathini alikuwa grandmasta, daraja la juu kabisa la wachezaji. Katika jamhuri ambayo dereva wa teksi anajua nani kapata sare jana huko Leningrad, cheo hicho kilimfungulia milango mingi. Mwenye bucha alimkatia nyama ya mgongo bila kuombwa. Daktari wa meno alimtanguliza kwenye foleni, ila alimsimulia mchezo wake mzima huku amemziba mdomo kwa pamba. Watu wakaanza kumwita Fundi. Kwetu huitwa fundi yeyote aliyeijua kazi yake mpaka chini kabisa, awe wa mawe, wa mkate au wa viatu, na Zaven alilipenda jina hilo kuliko cheti alichotumiwa kutoka Moscow.

Bingwa wa dunia hakuwa, na alipofika thelathini na tano aliacha kujidanganya kwamba atakuwa. Alijua kipimo chake. Kwa hiyo akageukia ukocha mapema, wakati jina bado lina moto, akagundua kwamba ukocha una nafuu yake: mchezaji akishinda kocha husifiwa, akishindwa mchezaji hulaumiwa. Kisha akaandika kitabu.

Kilikuwa kitabu cha ulinzi wa Mweusi, yaani wa mwenye vipande vyeusi, ulinzi alioucheza miaka kumi na mitano na kuujua kama mtu anavyoijua ngazi ya nyumba yake gizani. Mkewe, Knarik, aliupiga chapa mswada wote kwa taipureta ya kuazima. Kilitoka mwaka 1984, kikaisha madukani kabla ya baridi kuingia. Wachezaji wa Riga na wa Tashkent walikibeba mfukoni.

Sasa, kila aliyeandika vitabu vya sataranji siku zile alikuwa na hatua ya mfukoni. Unaandika njia kumi za kucheza, tisa zikiwa safi kabisa, na katika ya kumi unaacha tundu dogo unalolijua peke yako. Siku moja mpinzani atakuja amekariri kitabu chako, atafuata njia ile kwa imani yote, nawe utatoa mfukoni ile hatua uliyoificha. Haikuonekana kuwa dhambi. Wasomaji wenyewe walijua matundu yapo, ila hawakujua yapo wapi. Zaven aliacha manne. Zuri kuliko yote kwa matumizi ya haraka lilikuwa katika sura ya nne: hatua ya kumi na sita Mweusi anamla askari wa pembeni, na kitabu kinafunga njia hiyo kwa maneno mawili, “Mweusi amestarehe.” Hakustarehe hata kidogo. Farasi wa Mweupe anajitupa katikati ya askari wanaomlinda mfalme, tembo anafunguliwa njia, na baada ya hapo mfalme wa Mweusi hana pa kulala.

Mwanafunzi wake bora aliitwa Shogher Baghdoyan. Alimjia akiwa na miaka kumi na minne, binti wa mama aliyebandika mikate myembamba ya lavashi kwenye tanuri la kiwanda cha mikate, na wote wawili waliishi katika chumba kimoja chenye harufu ya unga. Hakuwa na kipaji cha kumtia mtu kichaa. Alikuwa na kitu ambacho Zaven alikithamini zaidi, alikaa na mkao mmoja wa vipande ubaoni mpaka mkao wenyewe umwambie kila ulichonacho. Na aliuliza kwa nini. Ukimjibu nusu, kesho alirudi kuchukua nusu iliyobaki.

Kitabu cha mwalimu wake alikijua ukurasa kwa ukurasa. Wenzake wa timu walimwita Toleo la Pili. Ukimsahihisha njia, walisema, atakuambia na mstari wa ngapi kutoka juu.

Mwaka 1987, Shogher akiwa na miaka ishirini na mmoja, mashindano ya mchujo wa wanawake yalichezwa Yerevan. Waliotangulia wangeingia fainali ya nchi nzima. Aliyeingia fainali alipata mshahara wa mchezaji, kambi za mazoezi, safari, na njia ya kuufikia ugrandmasta. Aliyebaki nje alitafuta kazi kama watu wengine. Ilipobaki raundi ya mwisho, Shogher alihitaji sare tu. Angecheza akiwa Mweusi dhidi ya Raisa Zhdanova wa Leningrad, mwanamke mpole mwenye miwani minene.

Siku moja kabla, saa tisa alasiri, Shogher alikwenda kwa Zaven, akaketi pale alipoketi siku zote, mgongo dirishani. Knarik akaleta kahawa na sahani ya aprikoti. Wakapitia michezo ya Raisa mmoja mmoja. Zaven akasema huyo mama hapendi vurugu, atacheza njia ya kawaida, na njia ya kawaida ipo kitabuni. Shogher akapanga vipande mpaka hatua ya kumi na sita, akaweka kidole juu ya askari wa pembeni.

“Fundi, hapa ninamla.”

“Unamla.”

“Nimeutazama mkao huu wiki nzima. Farasi wake ananitazama vibaya.”

Zaven akasema farasi wote hutazama vibaya, ndivyo walivyochongwa.

Shogher hakucheka. “Nikimla, kweli nimestarehe?”

Knarik alikuwa mlangoni na sinia tupu. Akasimama.

Zaven alipima, na alipima haraka, kama alivyozoea mbele ya saa ya mchezo. Miaka mitatu kitabu kimo mikononi mwa watu na hakuna aliyelifumania tundu lile. Raisa si mtu wa kutoa farasi bure. Baada ya wiki mbili yeye mwenyewe angeketi kwenye mashindano ya Sochi mbele ya grandmasta mmoja wa Kiev, ambaye mwaka ule wote alikuwa akicheza ulinzi huu ukurasa kwa ukurasa. Ushindi mmoja pale ungempa mwaliko wa nje, na kwa mtu wa miaka arobaini na mitano huenda usije mwingine. Akimwambia Shogher, Shogher ataacha kumla yule askari. Wenzake watauliza kwa nini Toleo la Pili limekwenda kinyume na kitabu. Timu nzima huandika kila kitu madaftarini, na madaftari huazimana. Habari itafika Kiev kabla yake. Alifikiria pia kumwambia acheze kitu kingine bila kumpa sababu. Lakini Shogher angeuliza kwa nini.

“Imeandikwa,” akasema.

Shogher akaondoa kidole juu ya askari, akanywa kahawa yake iliyokuwa imeshapoa, akashukuru, akaenda.

Siku ya pili ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi, maana binti wa mji alikuwa hatua moja kutoka fainali. Mama yake alikuja na sare ya kiwandani, unga ukiwa bado kwenye nyusi. Mchezo ukaenda kama ulivyochapwa. Hatua ya kumi na sita Shogher akamla askari. Raisa akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akafikiri dakika nne, kisha akamsukuma farasi katikati ya askari wa mfalme.

Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Mzee mmoja aliyekuwa anatafuna mbegu za alizeti akabaki na ganda kwenye mdomo wa chini. Shogher hakuutazama ubao. Aliinua kichwa akaitazama safu ya tatu, alikokaa mwalimu wake. Zaven akatuliza uso, jinsi kocha anavyopaswa kuutuliza ili kumpa mchezaji moyo. Akajiona amefanya vizuri. Shogher akamtazama kwa muda, kisha akainama tena kwenye vipande vyake.

Alijitetea mpaka hatua ya arobaini na moja. Watu walisema baadaye kwamba hawajapata kuona mkao uliokwisha kufa ukipiganiwa hivyo. Mwishowe Shogher akanyoosha mkono kukubali kushindwa.

Baada ya mchezo waliketi pembeni kuupitia pamoja, kama ilivyo desturi, mshindi na aliyeshindwa juu ya ubao mmoja. Zaven akasimama nyuma yao. Raisa alieleza kwa upole kwamba hatua ile aliipata kwenye treni ya kuja huku, kwa kuwa jirani yake wa kitanda cha juu alikoroma mpaka Rostov na usingizi ukakataa. Akafungua kitabu, akafika pale, akashangaa.

“Nikadhani hapa mwandishi alisinzia,” akasema. Ndipo akamwona Zaven, akaona haya, akaomba radhi.

“Fundi hasinzii,” Shogher akasema, akivirudisha vipande kisandukuni kimoja kimoja.

Zaven akalichukua neno lile kuwa ni la kumtetea, na likamchoma. Nyumbani Knarik alikuwa anakata vitunguu. Hakugeuka.

“Ukurasa ule niliupiga chapa mara mbili,” akasema. “Mara ya kwanza ulikuwa na farasi.”

Knarik hakuligusa tena jambo lile mpaka alipokufa, miaka kumi na tisa baadaye. Angelitaja kila siku, Zaven angezoea.

Huko Sochi, yule bwana wa Kiev alifika na mafua. Hatua ya kumi na mbili, hatua nne kabla ya mahali penyewe, akapiga chafya, akapendekeza sare. Grandmasta hakatai sare ya mgonjwa mwenye Mweusi ikiwa yeye mwenyewe hana cha ziada ubaoni, na Zaven hakuwa nacho. Akakubali. Mwezi uliofuata mchezo wa Raisa ulichapwa katika jarida, na farasi yule akawa wa kila mtu. Hivyo ndivyo hatua aliyoitunza miaka mitatu ilivyokwisha, mara moja tu, dhidi ya mtu wake mwenyewe.

Shogher alijaribu mchujo mwaka mmoja zaidi, akakosa kwa pointi nyingi. Likaja tetemeko, ikaja vita, ikaja miaka ya kukaa bila umeme, na mtu mwenye mama mgonjwa hawezi kuishi kwa kusogeza vipande vya mbao. Akaajiriwa shule. Alikutana na Zaven kwenye harusi na mazishi ya watu wa sataranji, akambusu shavuni, akamwita Fundi kama zamani. Kila mara Zaven alijiambia leo nitamwambia. Mwanzoni aliona mapema mno, jeraha bado bichi. Kisha akaona wamechelewa, ya nini kufukua. Katikati ya mapema na kuchelewa lazima palikuwa na siku moja iliyofaa, na alijaribu mara nyingi kukumbuka ilikuwa ipi.

Mwaka 2013, akiwa na miaka sabini na mmoja, alipigiwa simu na mchapishaji. Sataranji sasa ilikuwa somo la lazima darasani kama hesabu, wazazi wananunua chochote chenye picha ya farasi, na mchapishaji alitaka kukitoa kile kitabu upya. Ila alitaka dibaji ya mwanafunzi wake, na akamtaja anayemtaka. Walimu wa nchi nzima walitumia mazoezi aliyoyatunga Shogher Baghdoyan. Jina lake lilikuwa kubwa sasa kuliko la mwalimu wake, na Zaven, aliyejua bei ya majina, hakubishana.

Akamfuata shuleni wakati watoto wako mapumziko. Viti vyote vilikuwa vya darasa la pili. Akaketi, magoti yakamfika kifuani. Shogher, mvi zimemjaa, alikuwa anasahihisha madaftari. Alimtilia chai, akamwuliza habari za mgongo, akamwacha aeleze shida yake mpaka mwisho.

“Toleo la pili,” akasema alipomaliza, na kidogo wacheke wote wawili.

“Ukurasa mmoja tu, Shogher jan,” Zaven akambembeleza. “Hata nusu.”

“Nitaandika. Kwa sharti moja.”

“Sema.”

“Kitabu kina matundu mangapi?”

Zaven akasema ni kitabu cha zamani, makosa hayakosekani, mchapishaji ana mhariri kijana mzuri.

“Makosa sijayauliza,” Shogher akasema. Akafunika kalamu yake. “Siku ile Raisa alipomtoa farasi, watu mia tatu walishtuka. Mimi nilishtuka. Raisa mwenyewe alifuta miwani kwanza. Nikakutazama wewe. Ulikuwa umetulia kama mtu anayesubiri basi.”

Zaven alitazama chai yake. Miaka ishirini na sita alikuwa ameibeba siri ambayo mwenzake alikuwa nayo tangu dakika ya kwanza.

“Mbona hukusema?”

“Nilisubiri useme wewe. Miaka miwili hivi. Halafu nikapata kazi.”

“Ningekwambia.”

“Lini?”

Aliitafuta ile siku tena, pale kwenye kiti cha mtoto, na hakuiona.

“Manne,” akasema. “Sasa matatu.”

Shogher akatoa kitabu kwenye droo ya meza. Kilikuwa kilekile cha 1984, jalada limeshikiliwa kwa gundi ya karatasi. Akamsogezea pamoja na penseli. Zaven akaenda sura ya pili, akaandika pembeni. Shogher akatikisa kichwa kukubali, akasema hilo alilipata mwaka tisini na moja, majira ya kukaa na mishumaa. Akaandika la sura ya saba. Hilo, Shogher akasema, lilifumaniwa na mwanafunzi wake mmoja ambaye sasa ni mama wa watoto wawili.

Kwenye tundu la mwisho mkono wa Zaven ulikwama. Lilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote: Mweupe anamtoa malkia, anapata vipande viwili na utulivu wa ajabu, na Mweusi anakufa polepole bila kuelewa ugonjwa wake. Hakuwahi kumwonyesha mtu, hata Knarik hakulipiga chapa. Hakuwa amecheza shindano kwa miaka kumi na minne, wala hakuwa na mpinzani aliyebaki hai wa kumfanyia, na bado vidole vilikataa kuachia. Shogher alisubiri. Zaven akaandika, kwa herufi ndogo.

Shogher akautazama mkao. Halafu akachukua simu, akapanga vipande kwenye kioo kwa kidole, akamgeuzia. Mashine ya sataranji iliyomo ndani ilikuwa imeiweka hatua ya malkia juu kabisa ya orodha kabla Zaven hajapata miwani yake mfukoni.

“Watoto wa darasa la tano wanaijua,” Shogher akasema. Hakuwa na hasira. “Mwaka themanini na saba ingenifaa.”

Zaven akataka kusema neno la kuomba radhi. Alikuwa mtu wa kuweka kitu mezani ndipo apokee kitu, na akaona hakubakiwa na chochote cha kuweka. Akaishia kuuliza kama dibaji bado ipo.

“Tumekubaliana. Nitaandika sentensi moja.”

“Ipi?”

“Kwamba mwalimu wangu alijua mengi kuliko aliyoyaandika.”

Nje watoto walikuwa wanajipanga mlangoni. “Watu watadhani ni sifa,” Zaven akasema.

“Watadhani,” Shogher akasema, akaenda kuwafungulia.

Mchapishaji aliipenda sentensi ile kiasi kwamba hakuiacha ndani. Aliichapa kwenye jalada, chini ya jina, kwa herufi za dhahabu. Kitabu kimeuzwa vizuri. Wazazi humletea Zaven nakala nyumbani azitie saini, na karibu kila mmoja, kwa nia njema kabisa ya kumfurahisha mzee, huisoma sentensi ile kwa sauti kabla ya kumpa kalamu. Zaven hushukuru. Kisha hutia saini ukurasa wa ndani, kwa haraka, na kumrudishia mwenyewe kitabu jalada likiwa limetazama chini.